Jioni ya Kontra na Mraba

Nilikuwa nimecheza kontra, dansi ya jozi zinazojipanga mistari, huko Massachusetts, Marekani, kwa miaka kadhaa kabla sijaonja dansi ya mraba ya kisasa, ile ya mtindo wa magharibi mwa Marekani. Basi wacheza kontra wa upande wa Greenfield walipokubali kutupatia nusu saa katikati ya jioni yao, klabu yetu ya mraba ilinisukuma mimi mbele, pamoja na mtoa amri wetu, yaani anayewaitia wachezaji hatua, mzee wa sauti nene na tai ya kikauboi.

Kontra huchezwa kwa mistari mirefu. Mtoa amri anawapitisha kwanza bila muziki, kisha fidla na piano zinaanza, na mpangilio uleule wa mapigo 64 unarudiwa kila mnapokutana na jozi mpya. Ukishakolea, mtoa amri hunyamaza, miguu imeshajua. Mraba hauna starehe hiyo. Mko jozi nne, kila moja na upande wake, na amri zinakuja papo hapo. Unachojifunza ni amri zenyewe, wala si dansi nzima. Callerlab, chama cha watoa amri kilichoanzishwa 1974, kimezipanga kwa ngazi, na kwa kuwa hutolewa kwa Kiingereza kila mahali, mtu wa Massachusetts anaweza kuingia mraba wa Japani na kucheza.

"Hutupitishi kwanza?" mama mmoja aliuliza.

"Hapana," mzee akajibu, "nikikupitisha nitakuharibia."

Watu wakanung'unika, wengine wakacheka. Shida ya kwanza ikawa mikono. Kumzungusha jirani kwa mkono wa kushoto, kontra mnashikana viganja. Sisi tunashikana kigasha kwa kigasha. Wakawa wanapapasana hewani kama watu waliozimikiwa na umeme. Kisha wakaambiwa wamzungushe mwenza, na hapo hawakuachana. Mraba huipa hatua hiyo muda mfupi tu, wao wamezoea mapigo manane au hata kumi na sita, macho kwa macho. Mzee ikabidi awasubiri.

Miraba ilivunjika, kama tulivyotegemea. Nilikuwa nimewaeleza mapema: mkipotea, simameni mistari miwili inayotazamana, mtoa amri atawaokota. Hilo walilipenda mno. Mistari ndiyo kwao! Mraba uliokuwa karibu nami ukawa unakimbilia mistari hata kabla haujapotea sawasawa.

Baadaye mzee aliwatembeza kwa amri nyepesi, akawachanganya, akawageuza, hakuna aliyejua mwenza wake yuko wapi. Ghafla akaita jirani, mkono wa kushoto, na kila mtu akamkuta jirani yake amesimama pale pale anapotakiwa. Wakapeana mikono kulia, kushoto, kulia, kushoto, wakakutana na wenza wao. Ukumbi ukalipuka kwa kelele. Kwangu huo ndio utamu wote wa mraba, na hauwezi kuelezwa kwa maneno. Sharti uchanganyikiwe kwanza.

Malalamiko yalikuwepo. Muziki wetu ulitoka kwenye kompyuta, huku wapiga fidla wamekaa kando wakinywa maji na kutukodolea macho. Hapo sikubishana. Kijana mmoja aliuliza masomo yanaanza lini. Aliposikia kwamba huchukua miezi akaguna, lakini akaandika namba ya klabu. Yule mama wa swali la kwanza aliniambia, "Nitakuja, ila mje na fidla," akarudi kwenye mstari wake.