Kwenye risasi ya shotgani, anza na kizibo

Mtu akitaka risasi za shotgani zisizochafua mazingira, swali la kwanza huwa ni ganda: je, yapo ya karatasi? Yapo, lakini ganda ni tatizo dogo. Ukifyatua linabaki kwenye bunduki au miguuni pako. Unaliokota na kuondoka nalo. Kinachopotea ni kizibo, kile kikombe cha plastiki kinachokaa kati ya baruti na marisau, yaani vipunje vinavyorushwa. Kina uzito wa gramu 2 au 3 hivi, kinaangukia mbele huko kwenye nyasi ndefu au majini, na hakuna anayekwenda kukitafuta. Jua likishakipiga kinakuwa kikavu, kinakatikakatika na kuishia kuwa chembechembe za plastiki udongoni. (Mwenye gobore anayeshindilia kwa tambara hayamhusu haya.)

Kizibo kina kazi tatu: kuzuia gesi isipenye, kupunguza mshindo kwa marisau, na kuukinga mtutu. Marisau ya madini ya risasi ni laini, kwa hiyo kazi ya tatu si lazima sana. Ndiyo maana kizibo cha nyuzinyuzi zilizoshindiliwa kimetumika miaka mingi, na viwanja vingi vya kulenga visahani vya udongo nchini Uingereza havikubali kingine. Kasoro yake ni kwamba gesi kidogo huvuja pembeni, kasi hupanda na kushuka kati ya risasi moja na nyingine, na marisau hujikwaruza kwenye mtutu hivyo hutawanyika zaidi. Kwa kwale aliye mita 25, tofauti hiyo haikuzuii kumpata.

Ugumu unakuja ukiachana na madini ya risasi, jambo ambalo nalo ni la lazima kwa kuwa ni sumu. Denmark iliyapiga marufuku mwaka 1996, wawindaji wakahamia marisau ya chuma, na chuma, kwa ugumu wake, kikataka kikombe cha kuukinga mtutu. Matokeo yake, vizibo vya plastiki vikawa takataka ya kawaida kwenye fukwe zao. Uingereza ilijaribu kuyatatua yote mawili kwa pamoja: Februari 2020 jumuiya 9 za wawindaji na wenye mashamba zilitangaza nia ya kuacha, kwa hiari na ndani ya miaka 5, madini ya risasi pamoja na plastiki ya kutumika mara moja katika uwindaji wa shotgani.

Kwa chuma, basi, unahitaji kikombe kisicho cha plastiki ya kawaida. Kuna vya karatasi nene, vya plastiki itokanayo na mimea, na vya polivinili alkoholi, aina ya plastiki inayoyeyuka majini. Kama bei haikusumbui, marisau ya bismathi, metali nyingine, ni njia rahisi zaidi: ni laini, na inakwenda vizuri na kizibo cha nyuzinyuzi. Usiweke kamwe chuma juu ya kizibo cha nyuzinyuzi kilichokusudiwa marisau ya madini ya risasi, maana kitaukwaruza mtutu. Na kama unajaza risasi mwenyewe, usibadilishe kizibo peke yake. Kila kizibo kinabana gesi kivyake na shinikizo hubadilika; fuata kipimo kilichochapishwa kwa mchanganyiko huohuo, au acha.

Soma maandishi ya boksi kwa jicho kali. Neno “kinaoza” peke yake halitoshi. Kiwango cha Ulaya cha EN 13432 hupimwa kwenye mboji ya kiwandani yenye joto la karibu nyuzi 58, na hakuna shamba lenye joto hilo. EN 17033, cha matandazo ya plastiki ya shambani, kina maana zaidi: asilimia 90 ioze udongoni ndani ya miezi 24. Plastiki iliyotiwa dawa ya kuivunjavunja ikipigwa na hewa na jua, iache dukani. Inasagika tu, na Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku.

Jipimie. Okota vizibo vitatu vilivyokwisha kufyatuliwa. Kimoja kiweke kwenye ndoo ya maji baridi, cha pili kifukie kwenye udongo wenye unyevu, cha tatu kiache dirishani pakavu. Maji yawe baridi kweli, kwa sababu baadhi ya polivinili alkoholi huyeyuka kwenye maji ya moto tu, na dimbwi la msimu wa baridi si sufuria. Cha dirishani kitakuonyesha hali ya shamba wakati wa kiangazi: bila mvua, hata kizibo kizuri kinabaki vilevile.

Sifa hiyohiyo ya kupenda maji inakulazimu kutunza risasi hizi vizuri. Unyevu hukilainisha kizibo, ukavu uliozidi hukifanya kivunjike. Ziweke ndani ya nyumba, kwenye boksi lililofungwa, si kwenye buti la gari. Maganda ya karatasi yana shida ya aina hiyo: yakinyonya unyevu yanavimba na kukwama chemba, hasa kwenye bunduki za kujipakia zenyewe.

Kabla ya kwenda kuwinda, piga karatasi kubwa iliyo mita 36.6, chora duara la sentimita 76 penye matundu mengi, uhesabu. Gramu 28 za namba 6 za madini ya risasi ni marisau takribani 270. Choki (mbano wa mdomo wa mtutu) ya nusu ikiingiza asilimia 60 ndani ya duara, ni 160 hivi. Ukihamia chuma, panda saizi mbili, yaani namba 4 (namba ikipungua, marisau ni makubwa zaidi), na uhesabu upya marisau ya risasi nzima kabla ya kupiga asilimia. Chuma kinachozidi milimita 4 kisipite kwenye choki iliyobana kuliko nusu.