Majirani mnisamehe

Jana usiku nimerudia wimbo wa hip-hop "Planet Rock" mara sita. Wengi tunamtaja msanii wake tu, Afrika Bambaataa, lakini prodyuza aliyeupika mdundo ule ni Arthur Baker, New York, 1982. Yeye na mpiga kinanda John Robie waliichukua melodi ya bendi ya Kraftwerk, wale Wajerumani wasiocheka, wakaipandisha juu ya ngoma za mashine ya Roland TR-808. Lile besi halipigi, linaburuta, kama mtu anasogeza kabati ghorofa ya juu. Chai yangu ilikuwa inatetemeka kikombeni! (Kwa spika ya simu hutasikia kitu, usijisumbue.) Mwaka uliofuata Baker akatengeneza wimbo "Confusion" na bendi ya New Order ya Uingereza. Hiyo ndiyo naiwasha sasa hivi.