Kupiga picha ndege wa Mto Karanga siku ya manyunyu

Masika yakikolea Moshi, usitegemee mdiria, ndege mvua samaki, kwenye mto mkuu. Karanga ukishakuwa rangi ya chai ya maziwa, mdiria hawezi kuona samaki, basi huhamia penye maji meupe: mifereji ya mashambani na vijito. Fundichuma, ndege wa kahawia wa kandokando ya maji, ndiye wa kutegemewa. Yeye huchokora tope kwa miguu, kwa hiyo maji machafu hayamsumbui sana.

Mwanga ni hafifu, kwa hiyo anza na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600, lenzi ifunguliwe mpaka mwisho. Ndege aliyetulia, kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde inatosha; akiruka, 1/1000 au zaidi, hata ikibidi kupandisha ISO hadi 3200. Chengachenga zinazoletwa na ISO kubwa hupunguzwa baadaye kwenye kompyuta, ukungu wa mtikisiko hauondoki. Fundichuma mwenye manyoya ya kahawia mbele ya anga jeupe hutoka kama kivuli: ongeza mwanga +1 kwenye kipimo cha mwanga (alama ya +/-) cha kamera.

Kamera ivishe mfuko wa nailoni, toboa tundu la lenzi, kaza kwa mpira wa kufungia noti. Hudi (kikinga cha mbele ya lenzi) ibaki, uso wa lenzi uelekee chini. Usibadilishe lenzi mvuani. Ukifika nyumbani kwenye joto, acha kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa, la sivyo kioo kitaingia ukungu. (Kamera ikilowa, usiizike kwenye mchele: hauisaidii, vumbi lake ni balaa jingine.)

Usisimame katikati ya mto. Mvua ikinyesha juu mlimani, maji hupanda ghafla hata kama ulipo ni manyunyu tu.