Majirani wa Elizabeti

Tumsifu Yesu Kristu, ndugu zangu.

Ilinipasa nianze na Injili lakini nitaanza na daftari. Ni lile la jumuiya yetu, lenye jalada la bluu lililoliwa pembe, ninamoandika nani ametoa mchango na nani bado. Jumanne jioni nilikuwa nalo kwapani nilipopiga hodi kwa binti mmoja wa jumuiya aliyejifungua wiki mbili zilizopita. Alikuwa amekaa mkekani, mtoto kifuani. Kabla sijavua viatu macho yake yalishafika kwenye daftari. Akaniambia, "Mama, lile deni langu nitalimaliza mwisho wa mwezi."

Sikwenda kudai. Lakini ningemlaumu vipi kwa kudhani hivyo? Tangu atoke hospitalini hakuna hata mmoja wetu aliyekanyaga pale. Mimi mwenyewe nilipita mbele ya mlango ule mara tatu nikienda kuchukua vitambaa vya kushona, na mara zote tatu nilikuwa na haraka. Haraka gani, Mungu anajua. Binti hajaolewa, na niliogopa akina mama watasema mimi mwenyekiti naunga mkono.

Sasa tazameni kalenda. Tarehe 24 mwezi huu tunaadhimisha kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji, na ni sherehe kamili, yenye misa yake ya mkesha. Si jambo dogo hilo, kwa maana Kanisa halina mazoea ya kuadhimisha siku za kuzaliwa. Watakatifu wetu kwa kawaida tunawakumbuka siku waliyofariki, ambayo wazee wa imani waliiita siku ya kuzaliwa kwao mbinguni. Juzi tu tumemsherehekea Antoni wa Padua, msimamizi wa kanisa kuu letu hapa Malindi. Tarehe 13 Juni ndiyo siku aliyofariki mwaka 1231, wala si siku aliyozaliwa kule Lisbon. Fransisko Ksaveri, aliyepita hapa hapa Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, naye tunamkumbuka tarehe 3 Desemba, siku aliyofia kisiwani karibu na China miaka kumi baadaye. Waliobaki na siku ya kuzaliwa katika kalenda ya Kanisa zima ni watatu: Bwana wetu tarehe 25 Desemba, Mama yake tarehe 8 Septemba, na huyu mtoto wa Zakaria.

Ya Mama Maria tutayaongea Septemba tukijaliwa. Nitadokeza moja tu: Injili ya siku ile ni ile orodha ya mababu wa Yesu katika Mathayo, ile tunayoisinzilia, na humo wamo Tamari, Rahabu na mke wa Uria. Kawasomeni hao wanawake kabla Septemba haijafika, halafu tuonane.

Katekista aliwahi kuulizwa na watoto wa Komunyo ya kwanza: kama Yohane alimtangulia Yesu kwa miezi sita, mbona ni tarehe 24 na si 25? Swali zuri. Warumi walihesabu siku kwa kurudi nyuma kutoka tarehe mosi ya mwezi unaofuata, na hiyo mosi yenyewe wakaihesabu. Siku ya nane kurudi nyuma kutoka Januari mosi ni 25 Desemba. Siku ya nane kurudi nyuma kutoka Julai mosi ni 24 Juni, kwa kuwa Juni ina siku thelathini tu. Wahubiri wa zamani waliongeza kwamba baada ya Yohane kuzaliwa mchana huanza kufupika, na baada ya Yesu kuzaliwa huanza kurefuka, ndiyo maana Yohane akasema, "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua." Kwa wenzetu wa kaskazini ya dunia hilo huonekana kwa macho. Hapa kwetu, Juni au Desemba, magharibi inatukuta palepale kwenye saa kumi na mbili na nusu. Kinachopungua Malindi mwezi huu ni samaki, kwa sababu ya upepo wa kusi.

Lakini narudi kwa binti. Injili ya siku yenyewe, Luka 1 kuanzia aya ya 57, inaanza na majirani. Kabla ya jina, kabla ya Zakaria kufunguliwa kinywa, kabla ya mtu yeyote kuuliza mtoto huyu atakuwa nani. Elizabeti, mke wa Zakaria, alijifungua mtoto wa kiume, majirani na jamaa wakasikia Bwana alivyomzidishia rehema, wakafurahi pamoja naye. Nimeisoma aya hiyo miaka mingapi? Daima nilikuwa naikimbia nifike kwenye kibao ambapo Zakaria anaandika "Jina lake ni Yohane". Wiki hii imenikwama kooni.

Kwa maana majirani walifika kwa binti huyu. Nilipoingia Jumanne nilimkuta bibi wa nyumba ya pili, Mwislamu, anapoza uji wa pilipili manga kwa kuumimina kikombe hadi kikombe. Sufuria amekuja nayo kutoka kwake, imefungwa kwa leso isimwagike. Ukingo wa leso umeloa uji, chumba kizima kinanukia. Amekuwa akija asubuhi na jioni, anamkanda mzazi kwa maji moto, anamwogesha mtoto. Akaniangalia, akasogea mkekani, akasema, "Karibu dada, mzazi huyu hapa." Hakuniuliza nilikuwa wapi. Afadhali angeuliza. Hawa jirani zetu mwezi wa Mfunguo Sita ukiandama husoma Maulidi kwa kuzaliwa kwa Mtume wao, na wengine hufunga safari hadi Lamu. Mambo ya furaha ya mtoto wanayajua. Sisi tuliokabidhiwa aya ya Luka tulikuwa kwenye kikao cha michango.

Niruhusuni niseme jambo langu. Nilikaa miaka saba ndani ya ndoa bila mtoto. Najua Elizabeti alichomaanisha aliposema Bwana ameniondolea aibu yangu mbele ya watu. Aibu haikuwa tumboni mwake. Ilikuwa mbele ya watu, machoni mwa hao hao majirani. Nakumbuka sherehe moja ya ubatizo, mama mmoja alinipakata mtoto akisema nishike nipate baraka. Mtoto alipoanza kulia wakamchukua haraka, mmoja akacheka, "Huyu hajazoea." Nilitoka nikasimama nje karibu na tangi la maji mpaka misa ikaisha. Basi mimi niliyesimama nje kwa kukosa mtoto, leo namwacha mwingine nje kwa kupata mtoto. Jamani, asiyezaa tunamsema, aliyezaa tunamsema. Na aliyempa mimba binti huyu anapita mtaani kila siku, anasalimiwa vizuri tu, hakuna aliyemfungulia daftari.

Akina mama, nawapenda, na kwa sababu nawapenda nitasema. Tunasali rozari ya kulinda uhai. Tunamwambia msichana asitoe mimba, na tunasema kweli. Akatusikiliza, akavumilia miezi tisa ya macho yetu, akajifungua. Halafu tunamwadhibu kwa kutufuata! Kosa lake, kama ni kosa, analo padri wa kuungama kwake, na nadhani amelipeleka huko kabla yetu sisi na yetu. Lakini mtoto hana kosa. "Ameniita tangu tumboni," ndivyo Isaya anavyosema katika somo la kwanza la siku hiyo, na zaburi inayofuata ni ya 139, ya yule aliyefumwa tumboni mwa mama yake. Yametamkwa bila kuuliza cheti cha ndoa.

Zakaria alikuwa kuhani, mzee wa heshima, na Mungu alimfunga kinywa miezi yote ile. Nimefikiri sana huenda zilikuwa ni rehema. Kama mtaa wetu ungefungwa kinywa kuanzia mimba ya binti yule ilipoonekana, tungekuwa tumepungukiwa na dhambi nyingi.

Nilimwuliza jina la mtoto. Akanyamaza kidogo, akasema bado, kwa sababu hajui ampe jina la upande gani, na ameambiwa kanisani hawatambatiza mtoto asiye na baba. Nani amemwambia? Hakusema. Nami nasema hapa wazi ili isirudiwe tena: si kweli. Kanuni ya 868 ya Sheria ya Kanisa inadai mzazi akubali, angalau mmoja, na pawe na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Mama anatosha kukubali. Na tumaini la malezi, hilo linatuhusu sisi, tutakaosimama pale na mishumaa. Hata kwa Elizabeti jamaa walibisha, wakamwambia hakuna mtu wa ukoo wenu mwenye jina hilo. Mama akasema sivyo, ataitwa Yohane. Jina la mama likasimama.

Nilimpakata mtoto. Ana nywele nyingi na ananyonya kidole gumba kwa sauti. Daftari nililiacha chini ya mkeka, nikalisahau, ikabidi nirudi kesho yake kulichukua, na nikakaa saa nzima.

Alhamisi hii jumuiya tutasalia kwake, saa kumi jioni. Tutasoma Luka 1:57–66. Nimeshaongea na padri kuhusu ubatizo na atakuja kumwona. Uji msilete, yule bibi ameshaushika na tusimwingilie. Mzazi anahitaji sabuni ya kufulia, makaa, na mtu wa kumchotea maji asubuhi: mimi nimechukua Jumatatu na Jumatano, siku nyingine semeni. Mwenye leso safi ya ziada aje nayo. Michango ya mwezi tutaijadili wiki ijayo, au ile nyingine.