Zebaki ya Wanaalkemia na Dhahabu ya Chunya

Wengi wetu huku Mbeya huwaweka wanaalkemia wa kale, waliotafuta kugeuza metali nyingine kuwa dhahabu, kapu moja na waganga wanaowauzia wachimbaji dawa za ndagu, yaani za utajiri wa kafara, nami naona hiyo ni dhuluma. Vitabu vinavyobeba jina la Jabir ibn Hayyan, anayehusishwa na mji wa Kufa katika karne ya 8, havikuahidi utajiri kwa kafara. Vilifundisha kwamba metali huzaliwa na zebaki na salfa, na kwamba tofauti kati ya risasi na dhahabu ni uwiano na usafi wa viwili hivyo. Nadharia hiyo haikuwa sahihi, na Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa wa Uajemi, alipinga kwamba metali moja inaweza kugeuzwa kuwa nyingine, lakini ilitokana na kazi ya mikono na macho.

Anayetaka kujua kilichowavuta aende kwenye mialo ya Chunya, yaani sehemu za kuchenjulia dhahabu, ambako dhahabu ya Lupa imechimbwa tangu miaka ya 1920. Mawe yamesagwa kwenye karasha, mchanga umeoshwa, na kilichobaki kimo kwenye karai. Mchimbaji anamimina zebaki, anaikanda kwa vidole hadi inase punje asizoweza hata kuziona, kisha anaikamua kwa kitambaa na kubaki na donge la rangi ya fedha. Likiwekwa motoni, zebaki, ambayo huchemka kwenye nyuzijoto 357, hutoka kama mvuke, na donge lile jeupe hugeuka manjano mbele ya macho yake. Mtu wa karne ya 8 angeamini nini kingine?

Mvuke huo ndio unaoniuma, kwa kuwa hauonekani wala haunuki, huharibu neva na figo, na donge huchomwa wazi juu ya jiko la mkaa, pengine uani penye watoto. Isaac Newton, aliyeandika maneno yapatayo milioni moja juu ya alkemia, alikutwa na zebaki nyingi katika nywele zake zilizopimwa karne ya 20. Hata hivyo al-Razi, tabibu na mwanaalkemia wa Uajemi aliyefariki yapata mwaka 925, alikwisha kueleza vyombo vya kukenekea, ambamo mvuke hupita kwenye mrija, hupoa na kurudi kuwa kimiminika. Retoti, chombo kilichofunikwa chenye mrija ambacho wachimbaji wanahimizwa leo kuchomea donge, hufanya kazi hiyohiyo, tena humrudishia mtu zebaki aliyoinunua kwa fedha yake. Mnunuzi wa dhahabu anayemkopesha mchimbaji zebaki amkopeshe na retoti.