Railmaster Iliyotoka Bila Shumizi

Ile Railmaster, saa ya mkononi ya Omega, niliinunua Mombasa mwaka 2014, kwa bibi mmoja wa Makupa ambaye marehemu mumewe alikuwa fundi umeme wa reli enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Wanawe hawakuitaka, kila mmoja alikuwa na simu. Bibi mwenyewe hakunificha kitu. "Saa ni nzima, mwanangu," aliniambia, "ila ina haraka."

Haraka yenyewe haikuwa ya kawaida. Niliilinganisha na redio usiku kabla ya kulala, na kulipokucha ilikuwa imeshatangulia dakika kadhaa. Saa iliyochoka kwa uzee huchelewa. Ikikimbia namna ile, jambo la kwanza kulishuku ni sumaku. Sasa hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu saa hiyo iliundwa mahususi ili sumaku isiiguse.

Wanaokusanya saa za aina hii wanajua miaka ya 1950 ndiyo iliyokuwa neema yetu. Mitambo ya umeme, rada na maabara za fizikia zilikuwa zimezidi, na saa za wahandisi zikawa zinaharibika mikononi mwao. Watengeneza saa wa Uswisi wakaitikia: IWC wakatoa Ingenieur mwaka 1955, Rolex wakafuata na Milgauss mwaka 1956, na Omega wakaleta Railmaster mwaka 1957 kwa ajili ya watu wa reli na umeme. Wakati huo wanunuzi walikuwa wachache mno. Omega waliacha kuitengeneza Railmaster mwaka 1963, na kudoda kwake dukani ndiko kulikoifanya adimu leo. Milgauss moja ya mwanzo iliuzwa Geneva mwezi Mei 2023 kwa zaidi ya faranga milioni 2 za Uswisi. Saa iliyokuwa ikisinyaa dukani! Mimi minada hiyo naitazama kama ninavyotazama harusi za wafalme.

Basi nikaipeleka Mji wa Kale, kwa mzee mmoja ambaye kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango tu. Baada ya shikamoo na marahaba akabana lenzi jichoni, akafungua kifuniko cha nyuma, akaguna. Kisha akanigeuzia saa nione. Mashine ilikuwa wazi, inang'aa, balansi, lile gurudumu dogo linalopiga mdundo wa saa, inacheza.

"Unaona nini?"

"Mashine."

"Ndiyo hivyo. Hukutakiwa kuiona. Saa yako imetoka bila shumizi."

Chini ya kifuniko cha nje palitakiwa kuwe na kifuniko cha pili, cha chuma laini. Hicho, pamoja na uso wa saa wenye chuma na duara linalozunguka mashine, ndivyo vinavyofanya boma. Watu hudhani chuma hicho huizuia sumaku. Hakiizuii, huipa njia rahisi ya kupita pembeni, ikaizunguka mashine na kwenda zake. Ndiyo maana Railmaster haina hata dirisha la tarehe, kwa kuwa tundu usoni ni ufa kwenye boma. Fundi fulani wa zamani aliona kidude kisichozunguka wala kushika kitu, akakitupa. Hilo limezikuta saa nyingi za aina hii, na ndiyo sababu siku hizi sinunui yoyote kabla sijaona ndani.

Mzee akaleta dira ndogo, akaisogeza juu ya balansi. Sindano ikaanza kutikisika kwa mdundo uleule wa saa. Springi nyembamba ya balansi ilikuwa imeshika sumaku, mizunguko yake inagandana, springi ikawa kama imefupishwa, na ikifupika saa hukimbia. Kuitoa sumaku hakukumchukua dakika. Aliipitisha saa kwenye koili ya umeme, akaivuta polepole kuiweka mbali, dira ikatulia.

"Lakini itarudi," akasema. "Una kava la simu lenye sumaku hapo mfukoni."

Kifuniko cha asili kingeweza kupatikana Ulaya, kwa bei iliyokaribia ile niliyomlipa bibi. Wakusanyaji wengi wangesema afadhali saa ikae kabatini hivyo hivyo kuliko kutiwa kitu kisicho chake. Mzee aliuliza swali moja tu: "Wataka saa ya kuvaa au ya kufungia?" Nikasema ya kuvaa.

Akatoka kwenda kwa jirani yake mchomeleaji, akarudi na bati kutoka transfoma iliyoungua. Chuma cha transfoma ni cha ukoo huohuo: huipokea sumaku upesi na kuiacha upesi. Alikata visahani viwili kwa mkasi wa bati, akavipiga tupa, akavipima ndani ya kifuniko, akavipiga tena. Halafu akavitia kwenye jiko la makaa mpaka vikaiva vyekundu, akavifukia kwenye jivu vipoe usiku kucha. Mkasi na tupa hukitia chuma ugumu, akanieleza, na chuma kigumu hakiachii sumaku.

Kesho yake, baada ya kuvifunga, aliazima spika kwa fundi redio na kuileta saa yangu karibu na kisahani chake cha sumaku, kama vidole vitatu hivi. Nilitaka kumshika mkono. Alipoifungua tena na kuiwekea dira juu ya balansi, sindano haikutingishika.

Kabla hajafunga nikamwomba achore alama kwenye kile kisahani, asije mtu akatapeliwa baadaye. Alikwaruza kwa sindano: SI YAKE, MSA 2014. Malipo alidai ya kusafisha mashine tu.

Miaka kadhaa baadaye mnunuzi mmoja wa Muscat, wa ukoo wa Unguja, aliniomba picha za ndani. Nilimtumia zote. Akataka kupunguza theluthi ya bei kwa sababu ya kile chuma, nikamwambia basi aiache. Wiki haikuisha akanipigia tena, safari hii akiuliza kama yule mzee bado anafanya kazi, maana naye alikuwa na Ingenieur iliyovuliwa shumizi.