Nilivyowapata Ndege wa Snettisham Siku ya Mvua

Safari yangu ya kwanza Snettisham, kwenye ghuba ya Wash mashariki mwa Uingereza, niliiharibu mwenyewe kwa kujiona mjuzi. Mimi ni mzaliwa wa Gede, pwani ya Kenya, baba yangu ni mvuvi wa Mida, na tangu utotoni najua kwamba siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa kuelekea saa kumi jioni. Basi nilichagua siku ya mwezi mpevu mwezi Desemba, nikafika saa tisa alasiri, nikakuta tope tupu hadi upeo wa macho na ndege wakiwa madoa madogo huko mbali. Giza liliingia kabla maji hayajanikaribia.

Nilipompigia simu baba kumweleza, alicheka kwanza. "Sasa mwanangu," akaniuliza, "saa za maji ya huko ulimuuliza nani?"

Sikuwa nimemuuliza mtu. Nilipotazama jedwali la maji la eneo hilo niligundua kwamba bamvua la Wash hujaa kati ya saa kumi na mbili na saa moja, asubuhi na jioni, yaani gizani kabisa wakati wa baridi. Hata hivyo, kwa kuwa maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama maji bado huwa makubwa na kilele chake hukutana na mapambazuko, ambayo Januari huja saa mbili hivi. Niliuchagua mwezi mwandamo badala ya mpevu kwa sababu ya mabata bukini wenye miguu ya waridi: hulala kwenye tope la ghuba, lakini usiku wenye mbalamwezi huweza kwenda kula mashambani, na anayewasubiri alfajiri akaambulia wachache.

Siku niliyoichagua ilikuja na mvua ya manyunyu iliyosukumwa na upepo wa bahari, na nakiri kwamba nilikaa garini dakika kumi nikitafuta sababu ya kurudi nyumbani. Kutoka maegesho hadi vibanda vya kutazamia ndege ni mwendo wa zaidi ya kilomita mbili, nami niliutembea kwa gambuti gizani. Taabu kubwa ilikuwa darubini. Kuiweka ndani ya koti kulikuwa kosa, kwa sababu mvuke wa mwili ulitanda kwenye vioo vilivyokuwa tayari baridi. Nikaitoa, nikaining'iniza nje vioo vikielekea chini, nikawa navifuta kwa kipande cha kikoi kikavu nilichokifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Nilifuta kwa kugusagusa tu, maana ukisugua kioo chenye chembe za chumvi unakikwaruza.

Mabata bukini walitangulia, mistari kwa mistari, wakipiga kelele juu ya kichwa changu kuelekea kwenye mashamba ya viazisukari. Kisha maji, ambayo siku za bamvua hapo hupanda kwa zaidi ya mita sita, yakaanza kula nafasi ya kitwitwi, ndege wa ufukweni. Wengi wao ni wa aina ambayo wataalamu huiita Calidris canutus, wanaozaliana Greenland na kaskazini mwa Kanada wakiwa na vifua vyekundu, na kuja hapa wakiwa wa kijivu kula kombe wadogo wa topeni, ambao huwameza pamoja na magamba yao. Walirudi nyuma hatua kwa hatua mbele ya povu, wamebanana kama zulia linalovutwa, mpaka tope likaisha wakaruka wote pamoja. Kundi lilipogeuka lilikuwa jeusi, likageuka tena likawa jeupe, na lilipopita juu yangu nilisikia mabawa tu, bila mlio wowote, na kuhisi upepo wake usoni. Walitua nyuma yangu kwenye madimbwi yaliyokuwa zamani mashimo ya kokoto, bega kwa bega, kiasi kwamba aliyechelewa alitembea juu ya migongo ya wenzake kutafuta pa kusimama. Nilijaribu kuwahesabu nikaacha.

Nilirekodi sauti kwa simu na kumtumia baba. Alisikiliza, akapiga. "Huyo anayelia kwa kuvuta ni sululu, namjua. Na hao wengine?"

Sikuwa na jina la kumpa. Nikamwambia ni kitwitwi, ila wanene.